Daftari la Makosa la Vema

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi na nusu jioni, meza ya kulia chakula nyumbani kwa akina Vema iligeuka darasa. Mama alipangusa kitambaa cha plastiki, akasogeza chupa ya chai pembeni, akakaa upande wa ukutani. Vema alikaa upande wa dirishani penye mwanga, kwa sababu mwalimu ndiye anayehitaji kuona vizuri. Ndiyo, mwalimu alikuwa Vema, msichana wa miaka kumi na miwili, na mwanafunzi alikuwa mama yake mzazi.

Vema halikuwa jina lake la kuandikishwa shule. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu daftari lake la Kiingereza lilijaa alama za vema, jalada hadi jalada. Jina likatoka darasani, likafika mtaani, likaingia mpaka nyumbani, na mama yake naye akalizoea.

Mama alifanya usafi katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Alifua mashuka, alipiga deki, alibadilisha foronya. Alijua jinsi bomba la chumba namba saba linavyolia likifunguliwa nusu, na kwamba dirisha la namba tatu halifungi mpaka lisukumwe kwa kiwiko. Alipenda pia vitendawili, na siku nyingi somo lilianza kwa kimoja.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina milango kumi na miwili, funguo zote ninazo mimi, lakini sijalala hata chumba kimoja."

"Mama, hicho si wewe mwenyewe?"

"Umekitegua. Haya, nipe kazi, mwalimu."

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Dada aliyekaa mapokezi alikuwa anahama, na baada ya miezi mitatu kiti chake kingebaki kitupu. Meneja alitangaza kwamba mfanyakazi yeyote anaweza kukiomba, ila lazima ajue kuandika ujumbe kwa Kiingereza, maana wageni walitoka nchi nyingi na hiyo ndiyo lugha iliyowaunganisha. Mtihani ungekuwa Jumamosi ya mwisho kabla dada huyo hajaondoka, saa nne asubuhi: ujumbe sita, bila kusaidiwa na mtu.

Mama aliandikisha jina mapema kabisa. Miaka minane ya ndoo na brashi ilikuwa imemharibia mgongo. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kuinama kutwa, siku moja atainama na asiinuke. Kwa hiyo kile kiti cha mapokezi hakikuwa cha kujionyesha. Mama alikihitaji.

Miezi miwili ya mwanzo, somo lilikuwa raha tupu.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikaangalie sufuria."

"Ruhusa umepewa, lakini usiende kupiga soga huko."

Makosa ya Mama yalikuwa yaleyale wanayofanya wengi wetu. Kiswahili hakijali kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Tunasema "anaomba maji," basi, imetosha. Kiingereza hakiridhiki mpaka kijue ni *he* au ni *she*. Siku moja Mama aliandika habari za mgeni mwenye ndevu hadi kifuani, akamwita *she* mwanzo mpaka mwisho.

"Mama! Huyu mzee umemfanya bibi harusi!"

"Basi mnyoe ndevu tuendelee."

Siku nyingine akaandika *The guest he wants water.* Vema akapiga mstari.

"Mama, mgeni ukishamtaja umemtaja. Huyu *he* wa nini tena?"

"Si tunasema mgeni a-nataka? Ile *a* nimempa huyu *he* aibebe, asikae bure."

Wakacheka mpaka jirani akauliza kupitia dirishani kuna sherehe gani.

Lakini kadiri Jumamosi ilivyokaribia, kicheko kilipungua na wino mwekundu ukaongezeka. Vema alianza kuguna. Alianza kusema, "Hili nilishakwambia," na tena, "Mama jamani, hili hata watoto wa darasa la nne wanalijua." Hakukusudia ubaya. Alitaka mama yake ashinde, ila haraka ilimfanya asahau kwamba anazungumza na nani.

Jioni moja Mama alimtazama, akauliza taratibu, "Hivi mwanangu, na wewe ulikuwa unakosea namna hii?"

"Mimi? Hapana. Mimi nikifundishwa mara moja, inaingia."

Ulikuwa uongo, na Vema alijua hivyo kabla hajafunga mdomo.

Darasani kwao mwalimu wa Kiingereza alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi aliweka daftari la pili, jembamba, linaloitwa daftari la makosa. Kila ukurasa ulikunjwa katikati kwa urefu. Upande wa kushoto uliandika sentensi kama ulivyoikosea, upande wa kulia ukaiandika ilivyosahihishwa. Kufuta kulikatazwa. Kuchana karatasi ndiyo kabisa, usithubutu. Kila Alhamisi waliokaa dawati moja walibadilishana madaftari hayo na kusomeana kwa sauti, darasa zima likacheka, na aliyekosea akacheka pamoja nao.

Daftari la makosa la Vema lilikuwa la tatu sasa. Mawili ya kwanza yalishajaa, akayafunga pamoja na la tatu kwa mpira. Zile alama za vema zilizompa jina zote zilipatikana kwa jasho la humo ndani. Ila Mama hakuwahi kuyaona. Vema aliyaficha chini kabisa ndani ya begi, nyuma ya atlasi, kwa sababu Mama alikuwa ameshawaambia wafanyakazi wote wa nyumba ya wageni, "Mwanangu hakosei," na Vema alipenda sana kusikia hivyo.

Hebu tegueni hiki kabla hatujaendelea: ukikificha kinanenepa, ukikitoa nje kinakonda. Mwenye kukosa jibu asihuzunike, Vema mwenyewe ilimchukua siku nzima kulipata.

Jumatano ilifika. Mama aliandika ujumbe kwa mgeni wa namba tisa kumweleza kwamba umeme utakatika mchana. Ulikuwa mistari minne tu. Vema aliona makosa saba, akayazungushia yote wino mwekundu mpaka karatasi ikaonekana kama imepatwa na surua.

"Mama, hili la pili tulilifanya juzi! Na jana tukalirudia!"

Mama aliisukuma karatasi kando. Alichukua kifuniko cha kalamu, akakifunga taratibu, akailaza kalamu mezani.

"Vema, mwanangu."

"Bee, Mama."

"Wewe kukosea hukujui. Haya mambo yana watu wake, wenye vichwa kama chako. Mimi kila jioni napigwa kosa palepale nilipopigwa jana. Kesho nikimaliza zamu nitamwambia meneja afute jina langu."

"Mama, lakini bado siku tatu!"

"Siku tatu zitanipa nini ambacho miezi mitatu haikunipa? Niache na ndoo yangu. Ndoo hainipigii kosa."

Akainuka, mkono mmoja ameuweka kiunoni kama alivyozoea kila aliposimama, akaenda kuosha vyombo. Vema alibaki na karatasi yenye surua. Maneno yalimfika kwenye ulimi: Mama, hata mimi. Yakakwama hapo. Angeanzaje? Mtu umejisifu miezi mitatu, leo useme ulidanganya?

Alhamisi darasani, msichana aliyekaa naye dawati moja alichukua daftari la makosa la Vema na kusimama kulisoma. Wenzao walimwita Kicheko, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alisoma sentensi tano za Vema za wiki ile, kosa na sahihisho lake, huku akijizuia kucheka na kushindwa. Darasa likacheka. Vema akacheka pia, lakini kicheko chake kiliishia njiani.

"Una nini?" Kicheko alimnong'oneza alipokaa. "Mama yako yuko tayari kwa Jumamosi?"

"Amekata tamaa. Leo anajitoa."

"He! Kwa nini?"

"Anaona kichwa chake hakiwezi. Anadhani mimi sijawahi kukosea."

Kicheko aliyatazama yale madaftari matatu. "Wewe? Wewe mwenye makosa kuliko nywele zangu? Si umwonyeshe haya tu!"

"Siwezi. Nilimwambia sikosei."

"Ulimdanganya mama yako? Kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?"

"Kicheko, usifanye mzaha."

"Sawa, naacha mzaha." Na kweli uso wake ukatulia, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. "Sisi hapa tunasomeana makosa kila wiki na hakuna aliyekufa. Yule mama yuko peke yake mezani kwenu, anadhani ni yeye tu duniani. Hata mimi ningejitoa."

Basi Vema akalipata jibu la kitendawili chetu. Ni kosa. Alilificha, likanenepa mpaka sasa lilikuwa linataka kula kiti cha mama yake.

Kengele ya saa tisa ilipolia hakungoja mtu. Alipita nyuma ya duka la vifaa vya shule, akaruka soli alizotandaza fundi viatu njiani, akamwomba radhi akiwa ameshampita, akafika nyumba ya wageni anahema. Alimkuta Mama ua wa nyuma, kati ya kamba mbili za mashuka meupe.

"Wewe! Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nimekuja kwako."

"Kama umekuja na mikono mitupu, shika pembe."

Ndivyo ilivyokuwa katika ua ule. Mwenye mikono mitupu alipewa shuka. Vema alishika pembe mbili, Mama akashika mbili. Walivuta mpaka shuka likanyooka, wakasogeleana kukutanisha pembe. Wakawa uso kwa uso.

"Mama, nilikudanganya."

Mama hakuachia shuka. "Vuta," alisema. Wakarudi nyuma, wakavuta, wakasogeleana tena. "Ulinidanganya nini?"

"Nilisema sikosei. Nakosea. Nimekosea tangu darasa la nne na wiki hii pia nimekosea. Yote yameandikwa."

Akalifungua begi, akayatoa madaftari matatu, akampa. Mama alifuta mikono kwenye aproni, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akavua ule mpira. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Vema alisimama amelikumbatia shuka kama mtoto mchanga.

Mara Mama akanyanyua macho. "Hapa umeandika habari za mwalimu mkuu wenu?"

"Ndiyo."

"Ukamwita *she*?"

"Ndiyo, Mama."

"Na masharubu yake yale?"

"Na masharubu yake yale."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mgongo, akasema "Uwi!" na akaendelea kucheka. Kisha kicheko kikaisha, akayafunga madaftari na kuyaweka magotini.

"Miezi mitatu, Vema," alisema. Sauti yake haikuwa ya juu. "Miezi mitatu nimekaa pale mezani nikiamini kichwa changu kibovu. Kumbe ulipita njia hiihii, kwenye matope hayahaya, ukanawa miguu kimyakimya ukaja kunishangaa mimi nilivyochafuka."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini kuna jambo. Jina langu halipo tena. Nilisema nitangoja mwisho wa zamu, ila nilikutana na meneja saa saba nikaona nisijizungushe. Ameshalifuta."

Vema aliyachukua madaftari, akayarudisha begini. Akaliweka shuka juu ya rundo. "Twende kwake, Mama. Nitasema mimi."

Meneja alikuwa ofisini, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anaitafuta miwani hiyohiyo mezani.

"Bosi, iko usoni," Mama alimwambia.

"Ahaa. Asante, Mama Vema. Kuna nini tena?"

Vema aliona mama yake anavuta pumzi, akamtangulia. "Shikamoo. Mama alijitoa kwa sababu yangu. Nilikuwa namfundisha Kiingereza, nikamwambia mimi sikosei kamwe. Ulikuwa uongo. Amejiona hawezi, kumbe anakosea kama nilivyokosea mimi. Naomba umrudishe."

Meneja alishusha miwani machoni, akamtazama Vema, kisha Mama. "Na wewe unasemaje?"

"Nasema nilijitoa mapema, bosi. Kama nafasi bado ipo, nitakuja."

Alivuta droo, akatoa karatasi. "Jina nimelipiga mstari, sijalichana." Akaandika tena chini yake. "Jumamosi saa nne. Mwanao asikanyage chumba cha mtihani."

Jioni ile na ya Ijumaa hapakuwa na kalamu nyekundu. Mama alikunja karatasi yake katikati, kama alivyoona kwenye yale madaftari. Aliandika ujumbe, akausoma kwa sauti, neno baada ya neno.

"Mama, hapo..."

"Usiniambie! Niache nilitafute mwenyewe."

Vema akakalia viganja vyake ili vidole visionyeshe kitu. Dakika zikapita. Mama alirudi mwanzo, akasoma tena, akasimama katikati ya mstari.

"Hapa! Huyu *he* amenirudia tena, mkaidi huyu!" Akampiga mstari kwa furaha, kama aliyemfumania kuku jikoni. Kila kosa alilolikamata alilihamishia upande wa kushoto, na kulia akaandika sahihi. Hadi usiku wa Ijumaa ulipoingia, alikuwa anayakamata mengi kuliko yanayomponyoka.

Jumamosi walikaa watatu kwenye chumba cha kulia chakula cha wageni: Mama, mlinzi wa mchana na dada wa jikoni. Vema alingoja nje kwenye ngazi, akihesabu vigae. Mlinzi alitoka wa kwanza, akipiga mluzi. Dada wa jikoni akafuata. Mama hakutoka. Saa tano ilipita. Mama hakutoka. Alipotokea mwishowe, kidole chake kimoja kilikuwa na wino wa buluu hadi kwenye kiungo.

"Vipi, Mama?"

"Nimeandika, nikasoma. Nimesoma kuliko nilivyoandika."

Meneja na yule dada wa mapokezi anayehama walizipitia karatasi, kisha wakamwita Mama. Mlango ulibaki wazi, na Vema alisikia yote.

"Mama Vema, karatasi yako imepigwa mistari kama ramani ya barabara."

"Ndiyo, bosi."

"Nani alisahihisha?"

"Mimi. Niliandika, nikarudi, nikaona pameharibika, nikatengeneza."

"Ujumbe wa sita kuna kosa hukuliona."

Vema alisimama. Alitamani kujua ni kosa gani, alitamani kuingia, lakini akabaki palepale kwenye ngazi.

"Nipe niangalie," Mama alisema. Karatasi ikachakarika. "Mh. Mh... Ahaa! Mgeni wa namba nne ni mwanamke, nami nimemwandika mwanamume. Naomba kalamu, bosi."

Meneja alicheka kwa sauti. "Hizi karatasi mbili za wenzako ni safi kabisa kwa kuangalia, na zina makosa mengi kuliko ya kwako. Wenyewe hawakujua. Mgeni akipewa ujumbe mbovu, anayekuja kuulizwa ni mimi. Nataka mtu anayesoma alichoandika kabla hakijamtoka mkononi. Utaanza Jumatatu asubuhi. Miezi mitatu ya majaribio, tutaona."

Jumatatu Vema alitoka shule akapitia nyumba ya wageni. Kupitia kioo cha mlango alimwona Mama amekaa kwenye kiti chenye mgongo wa kuegemea, mabega yamenyooka. Mgeni mmoja alikuwa anamweleza kitu. Mama alisikiliza, akaandika, akasita, akakata neno, akaandika lingine juu yake. Hakutazama kulia wala kushoto kutafuta msaada. Akampa mgeni karatasi, na mgeni akashukuru.

Zamu ilipokwisha, walirudi nyumbani kwa miguu, polepole.

"Vema," Mama alisema, "umenifundisha Kiingereza miezi mitatu, na ninakushukuru. Lakini siku uliyonifundisha kweli ni ile uliyonionyesha ulipokosea wewe. Usione haya kukosea, mwanangu. Ona haya kumficha mwenzako kosa lako wakati yeye anahangaika na lilelile. Ukimwambia ukweli, anajua kwamba mahali hapo mtu anaweza kupita. Ukijifanya hujawahi kujikwaa, unamwacha chini peke yake."

"Nimesikia, Mama."

Wakatembea kidogo.

"Na leo kazini umekosea mara ngapi?" Vema aliuliza.

"Mara nne. Tatu nimeziona mwenyewe."

"Na ya nne?"

"Ya nne ameiona mgeni wa namba mbili. Nikamwambia asante, nikaandika upya, tukacheka wote wawili." Mama akabadilisha mkoba bega, akaongeza mwendo. "Kesho nitaziona zote nne."